Safari ya milima ya Virunga: Yampasayo msafiri kujua kabla ya kuvuka mpaka

MILIMA ya Virunga ina volkano kubwa nane, nayo imegawanywa kati ya nchi tatu: Rwanda, Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo. Mipaka ya nchi hizo hukutana kileleni mwa Mlima Sabinyo.

Kwa mkazi wa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, eneo hili si geni sana. Kiswahili kinazungumzwa katika mji wa Goma, mabasi hufika Kisoro na Gisenyi, na Congo yenyewe ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Wafanyabiashara, wanafunzi na watu wenye ndugu ng'ambo ya mpaka husafiri humo peke yao, bila wakala wa utalii wala mlinzi.

Hata hivyo, wengi wao huanza safari kwa kuuliza swali lisilo na jibu: je, nchi fulani ni salama? Katika milima hii usalama si sifa ya nchi nzima. Ni sifa ya barabara moja kwa siku moja, na pengine kwa saa chache tu.

Februari 22, 2021 balozi wa Italia nchini Congo, Luca Attanasio, aliuawa pamoja na mlinzi wake na dereva Mcongo wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP). Walishambuliwa karibu na Kibumba, kaskazini mwa Goma. WFP ilieleza baada ya tukio hilo kwamba barabara hiyo ilikuwa imekwisha kuruhusiwa kupitiwa bila msafara wa askari. Ruhusa ilikuwapo, hali ya siku hiyo ilikuwa nyingine.

Hali ilivyo upande wa Congo

Kundi la waasi la M23, lililoanzishwa mwaka 2012 na kushindwa mwaka 2013, liliibuka upya mwishoni mwa mwaka 2021. Juni 2022 liliuteka mji wa mpakani wa Bunagana. Januari 2025 likaingia Goma, na mwezi uliofuata likaingia Bukavu.

Marais wa Congo na Rwanda walitia saini makubaliano mjini Washington Desemba 4, 2025. Siku chache baadaye M23 iliingia Uvira, mji ulioko ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika. Kwa hiyo habari ya kusainiwa mkataba haitoshi kuwa sababu ya kukata tiketi.

Aliye na nia ya kutazama milima tu hana haja ya kwenda upande huo. Volkano zinaonekana vizuri kutoka Musanze nchini Rwanda na Kisoro nchini Uganda, na sokwe wa milimani wanatembelewa katika nchi zote mbili kwa kibali maalumu.

Aidha, pande hizo nazo zimewahi kuguswa. Machi 1999 waasi wa Rwanda waliotokea Congo waliwaua watalii 8 katika msitu wa Bwindi, Uganda. Oktoba 2023 wanandoa waliokuwa fungate waliuawa pamoja na kiongozi wao wa safari katika Hifadhi ya Queen Elizabeth, inayopakana na Congo. Msafiri asidhani kwamba alama ya mpaka ni ukuta.

Mipaka na saa

Jambo la pili ni kwamba mipaka hufungwa ghafla. Kituo cha Gatuna, kati ya Rwanda na Uganda, kilifungwa Februari 2019 na hakikufunguliwa hadi Januari 31, 2022. Januari 2024 Burundi nayo ilifunga mpaka wake wa nchi kavu na Rwanda. Anayekwenda huko hana budi kuwa na njia mbili za kurudi nyumbani, pamoja na fedha za kuilipia ile ya pili.

Masharti ya viza hubadilika, hivyo yaulizwe ubalozini wiki ya safari, si mwaka uliotangulia. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano kiwekwe pamoja na hati ya kusafiria. Anayebeba dola za Marekani achague noti mpya zisizochanika, kwa kuwa upande wa Congo noti yenye mpasuko mdogo hukataliwa.

Saa nazo zina hila. Rwanda na mashariki mwa Congo ziko nyuma ya Uganda, Kenya na Tanzania kwa saa 1. Anayetoka Rwanda saa 11 jioni ataikuta Uganda ni saa 12, na giza halimngoji mtu. Katika barabara za milimani kanuni ni moja: kufika kabla ya jua kuchwa, au kutoondoka. Aidha, Rwanda na Congo huendesha magari upande wa kulia, jambo la kukumbukwa na mwenye gari lake na hata anayevuka barabara kwa miguu.

Njia mbadala zina hatari zake

Vita vinapofunga barabara, watu hutafuta njia nyingine, nayo hujaa kupita kiasi. Oktoba 3, 2024 boti iliyotoka Minova kwenda Goma ilizama katika Ziwa Kivu, karibu kabisa na bandari ya Kituku, na makumi ya watu walifariki. Ilikuwa imejaza abiria kupindukia. Wengi walipanda boti kwa sababu mapigano yalikuwa yameifunga barabara.

Fundisho ni kwamba njia mbadala ichunguzwe kama ile ya kwanza. Boti iliyozidisha abiria na isiyo na maboya ya kujiokolea si njia, hata kama ndiyo pekee inayoondoka siku hiyo.

Mlima nao husema

Si bunduki peke yake inayotisha. Volkano ya Nyiragongo, yenye urefu wa mita 3,470, ililipuka Januari 2002 na lava ikapita katikati ya Goma. Ililipuka tena usiku wa Mei 22, 2021 na maelfu wakakimbilia Rwanda.

Wenyeji wana neno lao, mazuku, yaani hewa ya ukaa inayotoka ardhini na kutuama mabondeni na mashimoni. Haina rangi wala harufu, nayo huua mtu na mnyama. Asilale mtu bondeni wala kuteremka shimoni pasipo kumwuliza mwenyeji.

Ulimi na kamera

Kiswahili ni hazina, lakini kitumike kwa unyenyekevu. Cha Goma kina ladha yake: asante huwa aksanti, fedha huitwa franga, na jioni ni mangaribi. Salamu ndefu penye kizuizi cha barabarani hufaa kuliko haraka. Maoni ya kisiasa yabaki moyoni, kwa kuwa msikilizaji anaweza kuwa amefiwa na upande wowote.

Kamera na simu zisielekezwe kwa askari, madaraja, viwanja vya ndege wala vituo vya mpakani.

Kabla ya kuondoka, hati ya bima isomwe hadi mwisho. Bima nyingi hazilipi madhara ya vita, wala safari iliyofanywa dhidi ya onyo la serikali.

Kurudi nyuma si aibu

Lililo kubwa kuliko yote ni kupanga mapema mahali pa kugeuza. Msafiri aamue akiwa nyumbani, akili ikiwa imetulia, kwamba akikuta mabasi ya kawaida hayajaondoka, soko halijafunguliwa au wenyeji wanahama na mizigo, atarudi. Mtu mmoja nyumbani ajue njia, saa ya kufika na la kufanya ikiwa simu haitapigwa.

Uamuzi huo haumhusu yeye pekee. Mei 2018 watalii wawili Waingereza walitekwa katika Hifadhi ya Virunga na kuachiwa baada ya siku chache. Askari wa hifadhi aliyekuwa akiwalinda, mwanamke mwenye umri wa miaka 25, aliuawa. Dereva wao, Mcongo, alijeruhiwa.

Kila mgeni anayepita katika milima hiyo hupita juu ya mabega ya dereva, mwenye nyumba ya wageni na askari wa kizuizini, ambao hawana tiketi ya kuondokea. Kuwauliza kwanza, na kuwasikiliza wanaposema leo haipitiki, ndiyo heshima ya kwanza anayodaiwa mgeni.