Kuharakisha Uchujaji wa Orodha Ndefu za Maneno katika Kompyuta

Mtu atafutaye neno katika kamusi iliyowekwa katika kompyuta huandika herufi moja, kisha ya pili, naye hutazamia orodha ipungue kwa kila herufi. Orodha ya maneno mia haina taabu. Lakini ikifika vidahizo 60,000, aghalabu programu husita: herufi zaandikwa wala hazionekani, na mtafutaji huandika tena zile zile, akaongeza mzigo juu ya mzigo. Robert B. Miller alipendekeza mwaka 1968 kwamba jibu la kubonyeza kitufe lisichelewe kupita sehemu moja au mbili za kumi za sekunde. Kipimo hicho chafaa hata leo.

Wengi hudhani kuwa kinachochelewesha ni utafutaji. Mara nyingi sivyo. Kulinganisha maneno 60,000 na herufi mbili tatu ni kazi ndogo. Kazi kubwa ni kuchora. Kila mstari wa orodha wahitaji kupimwa kimo, kupewa hati na rangi, na kuwekwa mahali pake. Ikiwa skrini yaonyesha mistari 30, basi mistari 59,970 imeandaliwa bure. Dawa yake ni kuandaa ile ionekanayo tu, pamoja na michache juu na chini yake, na kuitumia tena mtu ateremkapo katika orodha. Vyombo vya kutengenezea programu vina njia hiyo tayari: WPF ya Microsoft tangu mwaka 2006, na GTK 4 tangu mwaka 2020. Hata hivyo hupotea kwa urahisi. Katika WPF, orodha ikitiwa ndani ya kisanduku kingine chenye kusogezwa, huambiwa kwamba ina kimo kisicho mwisho. Nayo huamini, ikachora mistari yote. Hakuna onyo litolewalo. Tena si vema kuifuta orodha na kuijaza neno moja moja, kwa kuwa kila neno huleta taarifa yake kwenye skrini. Yafaa orodha mpya ibadilishwe kwa ile ya zamani mara moja.

Uchoraji ukisha kutengenezwa, ndipo utafutaji uangaliwe. Kugeuza herufi kubwa kuwa ndogo, na kusawazisha alama ya *ng'ombe*, ambayo huandikwa kwa namna mbili, kufanywe mara moja programu ifunguliwapo, wala si kwa kila herufi iandikwayo. Zaidi ya hayo, kila neno lenye *pik* lina *pi* pia. Kwa hiyo hapana haja ya kuanza upya, yatosha kuchuja matokeo yaliyotangulia. Na kama yatafutwa maneno yaanzayo na herufi fulani, orodha iliyopangwa kialfabeti yaweza kugawanywa nusu kwa nusu: hatua 16 zatosha kwa maneno 60,000.

Lakini Kiswahili hakiridhiki na mwanzo wa neno. Aandikaye *watoto* hapati kitu, maana kidahizo ni *mtoto*. Na aandikaye *pika* hamwoni *mpishi*. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 iliyaweka maneno mengi ya namna hii chini ya kitenzi chake, na msomaji alikuwa na kazi ya kukikisia. Kompyuta haikisii. Shina na umbo la wingi havina budi kuhifadhiwa kando ya kila kidahizo mapema, navyo vichujwe pamoja nacho. Kuvitafuta wakati mtu anapoandika ni kurudisha uchelewaji ule ule.

Watengenezaji wengine hukimbilia kuiambia programu ingoje kidogo, mpaka mtu aache kuandika. Hiyo ni plasta juu ya kidonda, ingawa yasaidia. Iliyo bora ni kuutenga utafutaji ufanyike kando, skrini ibaki huru. Hapo huingia hatari nyingine, kubwa kuliko kukawia: jibu la *pind* laweza kufika baada ya jibu la *pindu*, likalifunika. Mhariri aliyeona *pindua* mstari wa kwanza hubonyeza, akafunguliwa *pinda*, akasahihisha kidahizo kisicho chake, wala hakuna aliyegundua. Kwa hiyo kila ombi lipewe nambari, na jibu lolote lisilo la ombi la mwisho litupwe kabla ya kufika kwenye skrini.