Mstari na Mwanya: Kufafanua kwa Kiswahili Mwonekano wa Televisheni ya Chogo katika Viigizi na Gemu za Pikseli

Ikisiri

Gemu za video zilizotungwa kabla ya kuenea kwa skrini bapa zilichorwa ili zionekane kwenye televisheni ya chogo. Zinapochezwa leo kwa njia ya kiigizi, data ya picha hubaki kamili lakini mwonekano wake hubadilika. Makala hii inafafanua asili ya mistari ya mlalo iliyoonekana kwenye televisheni hiyo, inaonesha hatua ambazo wabunifu wa programu huzifuata ili kuirejesha, kisha inajadili istilahi za Kiswahili zinazofaa kuieleza. Hoja kuu ni kwamba kosa la kupaka mistari myeusi juu ya picha ni kosa la dhana kabla ya kuwa kosa la hesabu, na kwamba Kiswahili, kikitenganisha mstari na mwanya, kinaweza kulizuia kosa hilo mapema.

Maneno muhimu: istilahi, televisheni ya chogo, kiigizi, pikseli, sheda

1.0 Utangulizi

Mtu aliyecheza gemu katika miaka ya 1990, akiifungua leo gemu ileile kwenye kompyuta au simu, mara nyingi hushangaa. Wahusika ni walewale na muziki ni uleule, lakini picha imekuwa kavu. Nyuso zimegeuka vigae vya mraba, kingo zimekuwa na ngazi, na maji yaliyokuwa yakipenya mwanga yamekuwa pazia la milia. Hakuna data iliyopotea. Kilichopotea ni chombo ambacho mchoraji alikikusudia.

Programu inayoiga utendaji wa mashine ya zamani inaitwa hapa kiigizi. Viigizi vimekuwapo kwa muda mrefu. Kwa mfano, MAME, kinachoiga mashine za gemu za kumbi za burudani, kilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1997. Kazi ya kiigizi hukoma pale kinapokamilisha jedwali la rangi za pikseli. Namna jedwali hilo linavyogeuka kuwa nuru machoni pa mchezaji ni suala jingine, na ndilo linaloshughulikiwa na makala hii.

Makala inaongozwa na msimamo wa Eugen Wüster, mwasisi wa Nadharia ya Jumla ya Istilahi, kwamba dhana hubainishwa kwanza ndipo ipewe jina. Kwa hiyo sehemu ya 2.0 hadi ya 5.0 zinaeleza jambo lenyewe, na sehemu ya 6.0 inarejea kwenye majina.

2.0 Televisheni ya Chogo Ilivyochora Picha

Jina televisheni ya chogo, linalotumika sana nchini Tanzania, limetokana na umbo: kisanduku kina kisogo kilichochomoza nyuma. Ndani ya chogo hilo mna neli ya kioo iliyoondolewa hewa. Mwanafizikia Mjerumani Karl Ferdinand Braun alitengeneza neli ya aina hiyo mwaka 1897. Nyuma ya neli hukaa bunduki ya elektroni. Mbele, upande wa ndani wa kioo, hupakwa unga unaong'aa pindi unapopigwa na elektroni. Koili zilizozungushiwa shingo ya neli huupinda mwale kwa nguvu ya sumaku. Mwale husafiri kutoka kushoto kwenda kulia ukichora, hurudi kwa haraka ukiwa umezimwa, kisha huanza mstari mwingine chini kidogo ya ule wa kwanza.

Televisheni ya rangi huwa na miale mitatu. Kabla ya kuufikia unga, miale hiyo hupita katika bamba lenye matundu madogo ambalo huhakikisha kwamba kila mwale unagonga unga wa rangi yake tu: nyekundu, kijani au buluu. Katika neli za Trinitron za kampuni ya Sony, zilizoingia sokoni mwaka 1968, matundu yalibadilishwa kwa nyuzi nyembamba za wima.

Jambo la kuzingatia ni kwamba chombo hiki hakina pikseli. Kando ya mstari, nguvu ya mwale hupanda na kushuka bila kukatika. Ni kwa wima tu ndipo picha inapogawika katika vipande vinavyohesabika, na vipande hivyo ni mistari.

3.0 Chanzo cha Mianya

Mfumo wa NTSC, uliotumika Marekani na Japani, ulikuwa na mistari 525 kwa picha nzima na takriban nusu-picha 60 kwa sekunde. Mfumo wa PAL, uliotumika Afrika Mashariki na sehemu kubwa ya Ulaya, ulikuwa na mistari 625 na nusu-picha 50 kwa sekunde. Katika matangazo ya kawaida, nusu-picha ya kwanza ilichora mistari isiyo shufwa na ya pili ikachora iliyo shufwa, mithili ya vidole vya mikono miwili vinavyoingiana. Hivyo mianya iliyoachwa na nusu ya kwanza ilizibwa na nusu ya pili.

Mashine nyingi za gemu za wakati huo hazikufanya hivyo. Ili kurahisisha kazi na kuifanya picha itulie, zilituma takriban mistari 240 na kuirudia mahali palepale kila mara. Famicom ya Nintendo (1983) ilitoa picha ya pikseli 256 kwa 240. Mega Drive ya Sega (1988) kwa kawaida ilitoa 320 kwa 224. Nusu ya pili haikuziba mianya ya nusu ya kwanza, bali ilipita juu ya mistari ileile. Mianya ikabaki na giza, na jicho likaona picha iliyopangwa safu kwa safu, kama ukili uliokwisha kusukwa lakini haujashonwa ukabana.

Mambo mawili yanapaswa kubainishwa hapa. Kwanza, mianya hii si chenga. Chenga ni dosari ya mawimbi, nayo huja na kuondoka kwa kutegemea antena. Mianya ni matokeo ya kudumu ya namna picha ilivyotumwa. Pili, mianya haina upana mmoja. Mwale wenye nguvu huwa mnene, na mwale hafifu huwa mwembamba. Penye weupe mkali mistari hunenepa hadi ikakaribia kugusana. Penye rangi nzito hukonda na giza kati yake likapanuka. Yeyote aliyeikaribia televisheni ya chogo wakati wa gemu aliliona jambo hili, hata kama hakulitafutia jina.

4.0 Mchoraji na Chombo Chake

Wachoraji wa gemu waliijua tabia hii na kuitumia. Mega Drive iliweza kuonesha rangi 64 kwa pamoja kutoka katika rangi 512, na haikuwa na njia rahisi ya kuchanganya tabaka mbili ili moja ipenye nyingine. Wachoraji walipanga milia ya wima, mmoja wa rangi na mmoja mtupu, wakiuachia waya wa kawaida wa picha na televisheni yenyewe kazi ya kuichanganya. Mfano unaofahamika ni maporomoko ya maji katika hatua ya kwanza ya Sonic the Hedgehog (1991). Kwenye televisheni ya chogo iliyounganishwa kwa waya huo, maji hupenya mwanga. Kwenye skrini bapa huwa ni milia.

Umbo nalo huathirika. Picha yenye upana wa pikseli 256 ilitandazwa kwenye kioo cha uwiano wa 4 kwa 3, hivyo kila pikseli ikawa pana kuliko kimo chake, takriban 8 kwa 7. Kiigizi kinachoonesha pikseli hizo zikiwa mraba humfanya kila mhusika aonekane mwembamba kuliko alivyokusudiwa.

Mfano huu unakaribiana na hali inayojulikana na wahariri wa miswada ya Kiswahili ya hati za Kiarabu. Herufi zilizoandikwa ni chache kuliko sauti zilizokusudiwa, na msomaji aliyeizoea lugha hujazia zilizobaki. Anayenakili herufi peke yake hajakosea hata moja, lakini hajaiwasilisha kazi nzima.

5.0 Hatua za Kurejesha Mwonekano

Chombo kinachotumika ni sheda, yaani programu fupi inayoendeshwa na kichakataji cha michoro kwa kila pikseli ya skrini, picha baada ya picha. Miongoni mwa sheda zinazojulikana kwa watumiaji wa RetroArch ni CRT-Geom, CRT-Royale na ile ya Timothy Lottes. Ingawa zinatofautiana kwa uzito, mantiki yake inaweza kupangwa katika hatua tano.

Hatua ya kwanza ni kugeuza thamani za rangi kuwa kiasi halisi cha nuru. Thamani 128 katika mizani ya 0 hadi 255 haimaanishi nusu ya nuru. Ni takriban asilimia 22 tu. Anayechanganya rangi bila kufanya ugeuzaji huu hupata picha chafu.

Hatua ya pili ni kupima umbali wa pikseli ya skrini kutoka kitovu cha mstari ulio karibu nayo. Nuru huwa nyingi kitovuni na hupungua taratibu kuelekea kando, kwa mkunjo unaofanana na kengele. Upana wa mkunjo huo hutegemea nuru ya mstari wenyewe, kwa sababu iliyoelezwa katika sehemu ya 3.0.

Hatua ya tatu ni kuiga bamba la matundu au nyuzi, kwa kupokezanisha nyekundu, kijani na buluu kwenye pikseli zinazofuatana.

Hatua ya nne ni kufidia nuru iliyopotea. Iwapo nusu ya eneo la skrini ni giza, nusu ya nuru imeondoka, na picha huonekana kama imefunikwa kwa kioo cha moshi. Sheda nzuri huongeza nguvu ya mistari ili wastani ubaki karibu na ule wa picha ya asili.

Hatua ya tano ni kuipa picha mbinuko kidogo wa kioo, ikihitajika, kisha kuzirudisha thamani katika mizani ya kawaida.

Ukubwa wa skrini una neno katika haya yote. Skrini ya mistari 1080 ikigawanywa kwa 240 hutoa 4.5. Mistari mingine itapata pikseli nne na mingine tano, na mawimbi ya giza yasiyokusudiwa yatajitokeza. Skrini ya 1440 hutoa 6 na ya 2160 hutoa 9, hesabu zisizo na baki. Ndiyo maana sheda ileile husifiwa na mtumiaji mmoja na kulaumiwa na mwingine.

Kwa gemu mpya za pikseli, suala hubadilika. Mchoraji wa leo huchora akitazama skrini bapa, kwa hiyo kumwekea mianya si kurejesha bali ni kupamba. Mapambo hayana ubaya, lakini yanapaswa kubaki hiari ya mchezaji, hasa kwa kuwa maandishi madogo husomeka kwa shida yakikatwa na giza. Loop Hero (2021) ni mfano wa gemu inayomwachia mchezaji uamuzi huo katika mipangilio yake.

6.0 Suala la Istilahi

Istilahi ya kimataifa inayotajwa sana, skanilaini, ina utata wa aina mbili. Kwanza, watumiaji huitaja wakimaanisha mstari wa nuru, na pengine wakimaanisha giza lililo kati ya mistari. Pili, sehemu yake ya kwanza imeshaingia katika Kiswahili cha ofisini kwa maana ya kunakili hati kwa mashine. Mashine hiyo husoma. Mwale wa televisheni huandika. Tafsiri mstari wa skani, kwa hiyo, humpa mwanafunzi mwelekeo uliopinduka.

Utata wa kwanza ndio wenye madhara zaidi. Mbunifu anayeamini kwamba kitu anachokiiga ni giza huanza kazi kwa kupaka milia myeusi yenye upana mmoja juu ya picha iliyokwisha kukamilika. Picha hufifia, weupe hukatwa sawasawa na weusi, na mchezaji huzima kifaa hicho baada ya dakika chache. Anayejua kwamba kitu ni nuru, na kwamba giza ni pale nuru isipofika, huanza na mkunjo wa hatua ya pili. Tofauti ya kazi zao inaanzia katika jina.

Makala inapendekeza istilahi zifuatazo. Mstari wa mwale ni mstari wa nuru unaochorwa na mwale katika mpito mmoja. Mwanya ni giza linalobaki kati ya mistari miwili ya mwale. Unga-nuru ni kipako kinachong'aa. Neno fosforasi halifai, kwa kuwa ni jina la elementi nyingine ya kikemia. Kiigizi na sheda zibaki kama zilivyotumika hapo juu. Televisheni ya chogo ikubaliwe katika maandishi rasmi badala ya kuachwa kuwa neno la mitaani, maana inaeleweka bila maelezo.

7.0 Hitimisho

Kuzimwa kwa mitambo ya analojia, kulikoanza Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, hakukuziondoa mara moja televisheni za chogo nyumbani. Ving'amuzi viliziongezea umri. Kilichozimaliza ni kukoma kwa utengenezaji na kupungua kwa mafundi wenye vipuri. Wanafunzi wanaoingia leo katika kozi za programu wengi wao hawajawahi kukaa mbele ya chombo hicho, na watakijua kwa maelezo tu. Maelezo yanayoanza na giza yatawafundisha kupaka giza. Inapendekezwa kwamba waandishi wa vitabu vya kiada na wakuzaji wa istilahi watenganishe mstari wa mwale na mwanya tangu ufafanuzi wa kwanza, na kwamba istilahi hizo zipimwe na mafundi waliofungua machogo kwa mikono yao wangali wapo wa kuulizwa.