TAA ZA JUKWAA LA SHULE: ANZENI NA WAYA



Mwaka jana mwanachama wetu mmoja, fundi umeme wa kiwanda hapa Jinja, aliitwa na shule anayosoma mtoto wake huko Mbale. Walitaka awatengenezee taa za jukwaa kabla ya siku ya michezo ya kuigiza. Alikwenda Jumapili, siku yake ya kupumzika. Badala ya ngazi walimpa meza juu ya meza. Swichi kuu haikuzimwa, kwani jikoni walikuwa wanatumia umeme. Akapigwa na umeme, akaanguka, akavunjika mguu. Shule ikasema huyu alikuja kusaidia tu, hatukumwajiri. Mimi ndiye niliyetumwa kuzungumza nao, nikarudi mikono mitupu.

Ndiyo maana naandika habari za taa hizi. Wengine wenu mtaitwa pia, kwa sababu watoto wanaosimama juu ya majukwaa hayo ni wetu.

Kosa la kwanza ni kununua taa mpya kabla ya kutazama waya. Bwawa la Owen Falls, ambalo sasa linaitwa Nalubaale, lilifunguliwa mwaka 1954. Ukumbi uliotiwa umeme miaka ile ulipata waya zilizovikwa mpira. Mpira ukizeeka hukauka na kupasuka, na shaba hubaki uchi ndani ya ukuta ambapo hakuna anayeiona. Mara nyingi waya wa ardhi haupo, au umekatika.

Sasa fanyeni hesabu. Taa moja ya zamani ya jukwaani hula wati 1000. Taa 10 ni wati 10,000. Umeme wetu ni wa volti 240, kwa hiyo taa hizo zinavuta karibu ampea 42. Soketi ya kawaida ni ya ampea 13. Fyuzi ikikatika, mwalimu anatia kipande cha waya mnene ili mchezo uendelee. Hapo waya wa ukutani ndio umegeuzwa fyuzi, nao ukiungua unaungua pamoja na dari na mapazia.

Taa za LED zinapunguza mzigo huo. Taa ya wati 200 inaweza kushika nafasi ya ile ya 1000. Taa 10 ni ampea 8 hivi. Mazoezi ya saa tatu yaliyokula yuniti 30 yatakula 6. Tena hazichomi pazia kama zile za zamani, ambazo umeme wake mwingi unapotea katika joto, na rangi zinabadilishwa kwa swichi bila kupanda juu kuweka karatasi za rangi.

Lakini msizifunge kwenye mashine ya zamani ya kupunguza mwanga. Zitapepesa, na baadaye zitakufa. Zinataka umeme wa moja kwa moja, na mwanga wake unapunguzwa kwa waya mwingine mwembamba unaotoka kwenye meza ya kuongozea. Umeme ukikatika, zizimeni zote kabla haujarudi, maana unaweza kurudi kwa nguvu nyingi. Na kabla ya kulipa, iwasheni moja mbele ya mtoto aliyevaa nguo za mchezo. Taa za bei rahisi hufanya uso mweusi uonekane kama umepakwa majivu.

Jambo moja wengi hawalijui. Taa kuukuu nyingi za jukwaani zina waya zilizofungwa kwa asbesto, kitambaa cheupe chenye nyuzinyuzi karibu na balbu. Vumbi lake likiingia kifuani huleta ugonjwa wa mapafu ambao unaweza kujificha miaka 20 au zaidi. Msiikate, msiipulize, msiwape wanafunzi waisafishe. Taa ya namna hiyo iteremshwe nzima, ifungwe ndani ya mfuko wa plastiki, shule itafute wanaojua kuiondoa.

Sasa habari ya mtu anayepanda juu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri alinde watu mahali pa kazi, na shule ni mwajiri kama kiwanda. Kwa hiyo ukiitwa, hata kama ni kwa mapenzi, taka barua inayosema kazi gani, siku gani, malipo gani hata yakiwa madogo, na nani atalipa hospitali. Taka ngazi na mtu wa kuishika. Zima swichi kuu, funga kisanduku kwa kufuli, ufunguo ukae mfukoni mwako. Wa jikoni watumie kuni siku hiyo.

Kila taa ifungwe pia kwa mnyororo wa pili, maana skrubu hulegea. Halafu washeni zote kwa saa moja ukumbi ukiwa mtupu. Zimeni, mguse kila plagi kwa mkono. Inayochoma ifunguliwe na kufungwa upya kabla mtoto yeyote hajapanda jukwaani.