Kampemba: Namna ya kuchanganya rangi ili mvi zionekane za asili

Katika saloni ndogo za Bel-Air, Bongonga na Kigoma, swali moja linarudi kila mwisho wa juma, zaidi sana mbele ya ndoa: tufanye nini na mvi? Wamama na wababa wengi wanapaka rangi nyeusi tii, na kesho yake majirani wote wanajua. Kisha wiki tatu, mizizi nyeupe inatoka na kazi inaanza upya. Wengine wanaacha nywele vile ziko, na hiyo pia ni muzuri. Lakini kuko njia ya katikati: rangi yenye kutoka polepole, yenye kupakwa kwa kipimo kidogo, ili mvi zipoe bila kufichwa.

Mvi ni nini?

Unywele wenyewe hauna rangi. Ile nyeusi tunaona inatoka kwenye kitu kinaitwa melanini, yenye kutengenezwa ndani ya mizizi. Wakati mizizi inaacha kuitengeneza, unywele unaota mweupe. Kwa hiyo kichwa chenye kuonekana cha kijivu kiko na nywele za namna mbili zenye kuchanganyikana: zenye kubakia nyeusi na zenye kuwa nyeupe kabisa.

Hapo njo siri ya kazi hii. Rangi yenye kutoka polepole haiwezi kugeuza unywele mweusi uwe mwepesi zaidi. Inaonekana kwenye zile nyeupe tu. Ukichagua kahawia, nywele nyeusi zinabakia nyeusi, nyeupe zinakuwa za kahawia, na kichwa kinaonekana sawa vile jua ndilo liliipiga. Ukichagua nyeusi, zote zinafanana, na njo maana inaonekana sawa kofia.

Soma karto mbele ya kulipa

Bidhaa nyingi zenye kufika Lubumbashi, zingine kwa njia ya Kasumbalesa, ziko na maandishi ya Kifaransa ao Kiingereza. Usiangalie picha tu. Kama ndani kuko chupa mbili, moja ya rangi na ingine yenye kuandikwa «oxydant» ao «révélateur», hiyo si rangi yenye tunazungumuzia. Ile chupa ya pili inafanya rangi ifungwe ndani ya unywele. Rangi ya «semi-permanente» ya kweli iko tayari, inatoka kwenye chupa moja na inapakwa vile iko. Inaondoka kidogo kidogo, kwa kawaida kisha kunawa kichwa mara 6 mpaka 12. Haiachi mustari mukali kwenye mizizi.

Neno «sans ammoniaque» linadanganya wengi. Maana yake ni kwamba hakuna amonia, lakini rangi inaweza kuwa ya kudumu hata hivyo. Tena kuko ule unga mweusi wa paketi ndogo, wenye kuchanganywa na maji tu. Watu wanafikiri ni mwepesi kwa sababu hauna chupa ya pili. Lakini dawa ya kufunga rangi mara nyingi iko tayari ndani ya unga, na maji yanaiamusha.

Kwenye karto nyingi kuko namba pia. Kwa desturi ya Ufaransa, 1 ni nyeusi, 3 ni kahawia yenye kukolea, 4 ni kahawia, 5 ni kahawia nyepesi. Namba ya kisha nukta inaonyesha mwanga: .1 ni wa majivu, .3 ni wa zahabu, .4 ni wa shaba.

Kuchanganya

Kwa mutu mwenye nywele zilikuwa nyeusi, anza na 3 ao 4, hapana na 1. Unywele mweupe hauna kitu cha kusaidia rangi. Unaonyesha kile chenye umeweka juu yake. Njo maana ukiweka rangi ya majivu peke yake, mvi zinaweza kutoka na kivuli cha kibichi ao cha buluu. Ongeza kidogo ya zahabu ili ipate joto. Kama inaelekea sana wekundu, punguza shaba.

Kipimo cha kuanzia ni hiki: vijiko 2 vya kahawia yenye kukolea, kijiko 1 cha kahawia nyepesi ya zahabu, na vijiko 3 vya krimu nyeupe ya kulainisha nywele, ile yenye tunapaka kisha shampwe. Krimu inapunguza nguvu ya rangi. Usitie shampwe ndani, inaharibu kazi. Tumikisha rangi za fabriki moja na za namna moja. Changanya ndani ya sahani ya plastiki, na uandike vipimo kwenye karatasi, la sivyo mara ingine hautapata tena rangi ileile.

Mbele ya kupaka kichwa chote, kusanya nywele nyeupe zenye kubakia kwenye kisanuo, uzipake, ungoje dakika 15, unawe na ukaushe. Angalia inje, kwenye mwanga wa muchana. Taa ya saloni inadanganya.

Jaribio la ngozi halirukwe

Hapa njo pa hatari. Rangi nyingi za kudumu, zaidi sana zile nyeusi, ziko na dawa inaitwa parafenilenediamini, ao PPD. Kuko watu wenye mwili wao unaikataa: kichwa kinawasha, macho yanavimba mpaka yanafungika, na kwa wengine pumzi inakuwa nguvu. Katika Umoja wa Ulaya, sheria haikubali PPD ipite asilimia 2 ndani ya rangi yenye kupakwa kwenye nywele. Unga wenye kupimwa kwa kijiko sokoni, bila karto, hauwezi kujua kiko nini ndani. Hata mutu mwenye alipaka miaka 10 bila shida anaweza kuanza kukataliwa na mwili siku moja. Na kama hina nyeusi ya kuchora mukono ilikuunguza zamani, usipake rangi ya PPD kichwani.

Kwa hiyo, hata na rangi nyepesi, paka kidogo nyuma ya sikio ao kwenye kiwiko upande wa ndani, na ungoje masaa 48. Ikiwasha ao ikivimba, nawa, na uache ile rangi. Kama ni uso ao pumzi, usingoje asubuhi: kimbia kwenye kituo cha afya.

Usipake kwenye kichwa chenye vidonda, zaidi sana kisha kufungua misuko yenye ilivuta sana. Kama ulitia défrisant, ngoja wiki mbili.

Siku yenyewe

Weka bidoni ya maji tayari mbele ya kufungua chupa, usitegemee robinet. Vaa mifuko ya mikono, paka vazelini kwenye paji la uso na masikio. Anza mahali penye mvi nyingi, ngoja dakika zenye kuandikwa kwenye karto, kisha nawa na maji ya vuguvugu mpaka yatoke safi. Usiku wa kwanza, lala na kitambaa cha zamani.

Kama imetoka nyepesi sana, unaweza kurudia. Kama imetoka nyeusi sana, unalipa kwa wiki nyingi. Kwa hiyo anza chini. Muzee atabakia muzee na heshima yake, na watu watasema tu kwamba amelala vizuri.