Rimoti Imebofywa, Gari Halijafungwa

Tarehe 1 Juni 2018, sherehe za kitaifa za Madaraka zilifanyika katika Uwanja wa Kinoru, Meru, nchini Kenya. Siku ya umati kama ule magari hupangwa popote penye nafasi, na madereva wengi hubofya rimoti wakiwa wameshageuka kwenda zao. Mwizi anayejua mawimbi ya redio huvizia sekunde hiyo.

Rimoti ni kisambaza redio chenye nguvu haba mno. Magari mengi ya Kenya ni mitumba ya Japani, ambako rimoti nyingi hutumia masafa ya megahezi 315 hivi. Nyingi za Ulaya hutumia 433.92. Mtu akirusha kelele yenye nguvu zaidi kwenye masafa hayo, gari halisikii amri ya mwenyewe. Mlango unabaki wazi, na mwizi havunji hata kioo. Huko Afrika Kusini, wizi huu umezoeleka katika maegesho ya maduka makubwa.

Hiyo ni mbinu ya kivivu. Ipo ya kijanja zaidi. Rimoti za kisasa hutuma namba mpya kila zinapobofywa, ili aliyenasa ya jana asiitumie leo. Mwaka 2015 Mmarekani Samy Kamkar alionyesha namna ya kuuzunguka ulinzi huo kwa kifaa cha takriban dola 32. Dereva anabofya, kifaa kinaziba mawimbi na kunasa namba. Gari kimya. Anabofya tena, kifaa kinanasa namba ya pili, kisha kinarusha ile ya kwanza. Gari linajifunga, dereva anaondoka ameridhika, na namba ambayo gari halijaisikia bado imo mikononi mwa mwizi.

Magari yanayofunguka kwa ufunguo kukaa tu mfukoni yana udhaifu wake. Mwaka 2011 watafiti wa chuo kikuu cha ETH Zurich walijaribu aina 10 za magari kutoka kwa watengenezaji 8. Walipopokezana mawimbi kati ya gari na ufunguo ulioko mbali, yote yalidanganyika: yakafunguka na kuwaka.

Dhidi ya kelele, dawa ni kuvuta kitasa kabla ya kuondoka. Dhidi ya upokezanaji, funguo nyingi za Toyota za aina hiyo zinaweza kuzimwa: shikilia kitufe cha kufunga, bofya cha kufungua mara mbili, taa ndogo ya ufunguo imemete mara nne. Kitufe chochote huuamsha ufunguo tena.