Mbio Ndefu Zataka Subira

Katika barua ya kwanza kwa Wakorinto, mlango wa 9, Paulo alifananisha maisha ya Mkristo na mbio. Alijua ya kuwa mkimbiaji hujizoeza kwanza.

Wengi hukimbia bila mshahara, kwa furaha na afya tu. Lakini mbio ya maratoni ni kilometa 42 na meta 195. Mwili hauizoei kwa juma moja. Anza polepole, hata uweze kuzungumza na mwenzako njiani. Ongeza mwendo kidogo kidogo kwa miezi mingi, na kila juma upumzike.

Kimbia alfajiri, maana jua kali pamoja na joto la mwili huweza kuua. Kunywa maji safi uonapo kiu. Kupita kiasi hupunguza chumvi katika damu, nayo ni hatari. Mwenye homa asikimbie, aje apimwe damu.

Mwenzenu akiyumba na kusema ovyo, mpelekeni kivulini upesi, mmwagieni maji baridi mwili mzima, mpepeeni, tena mleteni hospitali. Aliyezimia asinyweshwe kitu.

Mwili ni zawadi ya Mungu, tuutunze.