Ganzi Haizuii Mlio

Siku tatu karafuu ilikaa kwenye tundu la gego langu la chini, na mimi nikaamini mambo yamekwisha. Usiku wa nne haikufua dafu. Kila nikilaza shavu kwenye mto, jino linapwita hadi sikioni. Kulipokucha nikaenda kwa daktari wa meno.

Sindano sikuiogopa. Niliogopa zile hadithi za utotoni, za mjomba aliyeshikwa na watu wawili aking'olewa kavukavu. Siku hizi kuna lidokeini, dawa iliyotengenezwa Uswidi mwaka 1943. Mara nyingi huchanganywa na adrenalini kidogo ili mishipa ya damu isinyae na ganzi idumu. Kwa gego la chini, daktari huchoma nyuma kabisa ya taya, karibu na mahali neva inapoingia mfupani. Ndiyo maana nusu ya mdomo na ulimi hufa ganzi pamoja.

"Nisikilize, kaka," akaniambia kabla hajashika koleo. "Maumivu hutayasikia. Ila nikisukuma utajua nasukuma, na jino litalia. Ukisikia ukali, nyanyua mkono. Haya, achama."

Natamani kila mgonjwa aambiwe hivyo. Wengi hushtuka kitini wakidhani ganzi imegoma, kumbe ni msukumo tu.

Jino halivutwi kama msumari. Chuma chembamba, mfano wa bisibisi, kilipenyezwa kati ya gego na mfupa, kikazungushwa taratibu. Kisha koleo: upande wa shavu, upande wa ulimi, tena na tena, tundu likipanuka kidogo kidogo. Mlio ule ulipita ndani ya fuvu, kama mti mbichi unaopasuliwa. Mara gego likalia kwenye sahani ya chuma, mizizi miwili, na kipande cha karafuu bado kimo.

"Lilianza lini?"

"Ramadhani."

"Ungekuja wakati ule, pengine tungeliziba."

Nikapewa gozi niiume kwa nusu saa. Nisisukutue siku hiyo, nisiteme kwa nguvu, nisivute sigara. Donge la damu ndilo linalofunika mfupa. Likitoka, mfupa hubaki wazi, na siku chache baadaye huja maumivu yanayoweza kushinda ya jino lenyewe.

Nyumbani nikamkuta mke wangu ameshanichemshia maji ya chumvi. Nikamwonyesha kwa mkono: kesho.